Magadi ya Ziwani na Gauni la Truphena

Landhi za Reli,
Nakuru.
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa mdogo wangu Rasoa,

Mirembe, mtoto wa mama yangu. Natumaini karatasi hii imekukuta umesimama kwa miguu yako mwenyewe, wala si kitandani. Goti la mama yetu linaendeleaje? Ameanza kwenda kanisani, au bado mnamwombea nyumbani? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa, ama anaendelea kutuchezea? Sisi huku tu wazima. Baba Truphena anakohoa kidogo kwa sababu ya moshi wa injini, lakini anamaliza sahani, na mtu anayemaliza sahani si mgonjwa. Mimi nimenenepa. Usicheke.

Sasa sikia neno moja kabla ya mengine yote. Lile kopo la magadi nililompa mzee Asava akuletee, ambalo nilikuandikia kwamba linang'arisha nguo kushinda sabuni yoyote ya dukani: kama hujalifungua, usilifungue mpaka umalize kusoma. Na kama umeshalifungua, basi tafadhali usiliguse gauni la harusi la binti yetu Kageha. Najua limeazimwa kwa mke wa mwalimu na lazima lirudi jinsi lilivyokuja. Kopo liweke mahali pa juu, uketi. Mimi dada yako, niliyekufundisha kufua kule mtoni ukiwa bado huwezi kukamua shati, nimekosea. Nitakueleza tangu mwanzo, ingawa unajua mdomo wangu haujazoea maneno kama hayo.

Nilikuandikia habari za ziwa la hapa. Rasoa, hata sasa sijamaliza kulishangaa. Maji yote yale, na hakuna mtu wala ng'ombe anayeyanywa. Wale ndege warefu wekundu wamesimama ndani kwa maelfu, na wakiruka pamoja unaona kama shuka kubwa ya waridi imeinuliwa na mtu asiyeonekana. Jua likiwaka miezi mingi, maji hurudi nyuma na kuacha ufuko mweupe, mweupe kabisa, kama mahali mtu amemwaga magunia ya unga akakimbia. Siku ya kwanza nilipopelekwa kuuona nilivua viatu. Sijui kwa nini. Niliona si mahali pa kukanyaga na viatu.

Kisha nikainama, nikachukua kidogo, nikaweka kwenye ulimi. Unajua nilionja nini? Munyu! Ule ule wetu wa nyumbani, wa kuchoma maganda ya maharagwe na kuchuja majivu yake kwa ajili ya mboga. Na unakumbuka bibi yetu alivyokuwa akifulia maji hayo ya majivu, akisema sabuni ni ya wavivu. Nikajiambia, Jerida, huku Mungu amechoma na amechuja mwenyewe, wewe kazi yako ni kuchota. Nikarudi na kikapu kimejaa.

Nikaanza na ovaroli za Baba Truphena. Unazijua nguo za mtu anayepaka injini mafuta. Zinaweza kusimama zenyewe mlangoni. Nikaziweka kwenye debe, nikatia magadi vikombe viwili, nikawasha moto. Heh! Mafuta yaliachia kama yamefukuzwa na askari. Maji yakawa meusi, ovaroli ikatoka buluu, buluu ambayo nilikuwa nimesahau kwamba ndiyo rangi yake. Wanawake wa landhi nzima, hizi nyumba zetu za wafanyakazi wa reli, walikuja kutazama pale karoni, pale penye bomba letu la wote. Jirani yangu Mama Odhiambo, ambaye mume wake ni wa kuchochea makaa na kwa hiyo anajiona anajua mambo yote ya moto, akachungulia kikapu changu.

"Mama Truphena, hiyo si sabuni. Hiyo ni mavi ya ndege imekauka."

Nikamwambia, "Basi jirani, mavi ya ndege wangu ni meupe kuliko shuka zako."

Walicheka mpaka mmoja akaangusha ndoo. Tangu siku hiyo nikaitwa fundi wa magadi. Nami nikakubali jina, na ndiyo maana nilikuandikia vile nilivyokuandikia, na kukutumia kopo.

Sasa Truphena. Najua nimekueleza habari zake katika kila barua, lakini hii ni mpya. Yule mtoto niliyembeba mgongoni nikipanda vilima vya kwetu, ndiye aliyetangulia wote katika mitihani ya manesi ya mwaka huu. Wote! Wasichana tisa, wengine wametoka shule kubwa kubwa, na wa kwanza ni mtoto wa mpaka mafuta. Jana Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yao ya kuvishwa mishipi ya unesi mbele ya wazazi na Metroni, yule bibi Mzungu mkubwa wao, na aliye wa kwanza ndiye anayeitwa wa kwanza. Kila msichana alipewa gauni jipya jeupe kwa siku hiyo. Moja tu. Limeandikwa namba yake ndani ya kola. Ukiharibu, hakuna la pili, na asiye na gauni safi anakaa nyuma na kungojea mkutano wa mwaka ujao.

Jumatano alikuja kutusalimu na kunionyesha. Nikalishika. Lilikuwa jeupe, ndiyo, lakini la dukani, lina ule ugumu na ule umanjano kidogo wa nguo iliyokaa kwenye sanduku.

Nikamwambia, "Liache hapa. Nitalifua."

"Mama, dhobi wa hospitali atayafua yote pamoja."

"Dhobi alikuzaa?"

"Hapana, lakini..."

"Siku ya kuvishwa mshipi, mtoto wangu avae gauni la kufuliwa na dhobi? Watu watasema mama yake hana mikono?"

Alinitazama, akatazama kikapu changu pale pembeni, akataka kusema kitu. Nikasema kabla yake, "Uliza landhi nzima mimi ni nani." Basi akaliacha. Hivyo ujue, Rasoa, hakuna aliyenituma.

Alhamisi asubuhi nikafanya kama nilivyofanya kwa ovaroli, ila nikaongeza kikombe kimoja, kwa sababu ya heshima. Likachemka. Nikalitoa na kijiti, na nakuambia ukweli, macho yangu yaliuma kulitazama. Weupe gani ule! Hata Mama Odhiambo alisogea kulitazama. Nikasuuza mara mbili, kama kawaida yangu. Maji ya bomba yalikuwa yakitoka kidogo, na foleni ya ndoo ilikuwa nyuma yangu, nami nikaona mara mbili zatosha. Nikatia wanga wa muhogo, nikalianika, na lilipobaki na unyevu kidogo nikajaza pasi makaa, nikatemea chini yake mate, yakaruka vizuri. Nikaanza mgongoni kwa mpigo mrefu.

Pasi ilipopita, rangi ikabaki nyuma yake. Ya manjano. Kama ukoko wa ugali.

Nikadhani pasi ni chafu. Nikaifuta kwa kitambaa, nikapiga mahali pengine. Manjano. Nikapiga kiunoni, nikakawia kidogo kwa mshangao tu, nikaona kahawia inajitokeza. Rasoa, unajua nilifanya nini? Nilirudisha gauni kwenye debe na kutia magadi mengine. Mengi zaidi! Nilifikiri, kama weupe umepungua, basi dawa imepungua. Likatoka jeupe tena kidogo, nikasuuza haraka haraka, nikapiga pasi huku nikiomba, likawa baya kuliko mwanzo. Nikaketi kwenye kigoda, gauni mapajani, na nikaacha kuomba, kwa maana nilimwonea Mungu haya.

Saa nane mchana Truphena akaingia kulichukua. Nilikuwa nimetayarisha uongo. Nilitaka kusema vumbi la ziwa lilipeperuka, maana ni kweli alasiri upepo huinua ule unga mweupe na kuumwagia mji. Lakini alipoingia akasema tu, "Mama?" Nami nikainua gauni nikamwonyesha.

Yule ni mtoto wangu, namjua, akitaka kulia hukunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Vilikunjwa. Kisha akaketi chini karibu nami, akachukua ncha ya gauni yenye maji, akaiweka ulimini.

"Mama, ulisuuza mara ngapi?"

"Mbili."

"Magadi hayajatoka. Yamejificha ndani ya nyuzi. Huyaoni, lakini yakikutana na moto wa pasi yanachoma kitambaa na wanga pamoja."

"Mbona ovaroli za baba yako hazikuungua?"

"Ovaroli za baba umewahi kuzipiga pasi?"

Nikaisogeza pasi kando kwa mguu.

Akanituma sokoni nilete ndimu. Nilikimbia, mimi na unene huu. Niliporudi wanawake walikuwa wameshajaa mlangoni, kwa maana landhi haina siri. Truphena akachukua magadi kidogo kwenye sahani, akakata ndimu, akaiminya juu yake. Na ule unga ukachemka! Ukatoa mapovu, ukalia shhh kama uji unaofurika, na hapakuwa na moto. Hapakuwa hata na kiberiti. Nikaweka kidole, baridi. Mama Odhiambo alirudi nyuma akamkanyaga mwenzake.

"Uchawi huu!"

"Si uchawi, mama," Truphena akasema. "Ukali wa magadi na ukali wa ndimu vinapigana, na vyote viwili vinakufa. Tumefundishwa. Ndivyo tutakavyoua magadi yaliyobaki kwenye gauni."

Na mimi nikamtazama mtoto huyu. Miaka yote nimefua, na sikujua kwamba ndani ya nguo kuna vita. Nilidhani uchafu ni kile unachokiona. Yeye ameingia katika nyumba ile ya hospitali na ametoka akijua vitu visivyo na sura. Nilipata woga kidogo, kama ule wa ufukoni nilipovua viatu.

Basi sikiza jinsi alivyonifundisha, umfundishe na Kageha. Gauni linasuuzwa kwa maji mengi, si mara mbili, bali mpaka maji yawe matamu. Kila mara unakamua ncha moja na kuonja kwa ulimi. Ukisikia munyu, rudia. Sisi tulirudia mara saba, na wanawake wale wale waliokuwa foleni nyuma yangu asubuhi ndio waliotoa ndoo zao. Mara ya saba nikaonja mimi, nikasema tayari. Truphena akaonja, akasema bado. Ya nane ndiyo ilikuwa tayari. Ndipo unatia maji ya ndimu kidogo katika maji mengi, unaloweka kwa muda wa kupika chai, halafu unasuuza tena. Baada ya hapo hakuna wanga, hakuna pasi. Unalitandaza juu ya majani mabichi juani likiwa na maji, na likitaka kukauka unalinyunyizia. Jua linakula manjano polepole. Akasema pia, damu ikimwagika kwenye nguo usiipeleke kwenye maji moto hata siku moja, maji moto huipikia humo humo. Maji baridi tu. Na buluu, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, usiimwage juu ya nguo kama nilivyozoea, ikorogee kwanza kwenye maji, ndiyo maana shuka zangu zilikuwa na madoa ya mbinguni. Nguo ya sufu, kama lile blanketi la mama yetu, usiikaribishie magadi kabisa, itapungua iwe ya mtoto kisha ioze. Hayo yote aliyasema akisuuza, bila kunitazama, ili nisione kwamba ananifundisha.

Akarudi kazini. Ijumaa ilikuwa yangu peke yangu na jua. Nilikaa kwenye majani nyuma ya landhi na kopo la maji tangu asubuhi, nikinyunyiza, nikitazama. Saa sita manjano ya mgongoni yalikuwa yameondoka, nami sikuyaona yakiondoka. Nilikuwa natazama, na sikuyaona! Saa nane upepo wa ziwani ukaanza. Nikaona lile wingu jeupe linakuja juu ya paa za stesheni. Nikapiga kelele, na ni nani aliyekuja mbio na blanketi mbili? Mama Odhiambo. Tukasimama, yeye upande huu, mimi upande huu, tumeinua blanketi kama hema, gauni katikati yetu, vumbi likitupiga mgongoni.

Akasema, "Fundi wa magadi, leo magadi yamekuja yenyewe kukutafuta."

"Nyamaza, shika blanketi."

"Nashika. Lakini Truphena akiolewa, mbuzi mmoja ni wangu."

Jioni Truphena akalipiga pasi yeye mwenyewe. Mimi nilisimama nje, sikuweza kutazama. Akaniita. Lilikuwa jeupe, Rasoa, jeupe lote, isipokuwa pale kiunoni, upande wa kushoto, mahali nilipokawia na pasi. Palibaki doa la kahawia, ukubwa wa punje ya haragwe. Jua halikuliweza. Alilitazama, akasema, "Mshipi utakaa hapo." Nikasema, "Lakini mshipi utavishwa ukiwa umeshasimama mbele ya wote." Akasema, "Ndiyo."

Jumamosi saa nne tukaketi kwenye mabenchi, mimi na Baba Truphena katika koti lake. Ungeona wasichana wale tisa! Walikuja kwa mstari kama wale ndege wa ziwani wanapotembea, mguu pamoja, mguu pamoja. Sijawahi kuona weupe wa namna ile ukiwa na watu ndani. Wakaita jina, na jina lilikuwa letu, lile la baba mkwe wangu, likasemwa kwa sauti kuu katika nyumba ya mawe. Akatoka mbele. Mimi sikutazama uso wake, Mungu anisamehe, nilitazama kiuno. Angeweza kuweka mkono pale, ni kitu kidogo, kila msichana huweka mkono kiunoni. Hakuweka. Mikono yake ilining'inia pande zote mbili, wazi.

Metroni akainama na mshipi. Nikaona amesita. Kidole chake kilisimama juu ya doa. Akamtazama Truphena usoni, akauliza jambo kwa sauti ya chini, na Truphena akajibu, akaelekeza kidevu kwenye mabenchi yetu. Yule mama akageuka, akatutazama. Mimi, Rasoa, ambaye hujawahi kuona nimeinamisha kichwa hata mbele ya chifu, niliinamisha. Nilingoja kusikia mtoto akiambiwa arudi nyuma. Nilichosikia ni mlio wa kifungo cha mshipi, tik, halafu makofi.

Baadaye tukiwa nje nikamvuta kando.

"Alikuuliza nini?"

"Nani amelifua."

"Ukasema dhobi?"

"Dhobi hakulifua, mama. Nikasema mama yangu."

"Na yeye?"

"Akakaza mshipi."

Baba Truphena alijifanya anatafuta kofia yake, nayo ilikuwa kichwani.

Kisha Truphena akatufuata mpaka nyumbani kunywa chai. Alipokuwa anataka kurudi, alivua gauni, akavaa nguo zake za kila siku, akalikunja, akaliweka mapajani mwangu mbele ya Mama Odhiambo na wengine wote. Nikalisukuma. Nikamwambia, "Peleka kwa dhobi wenu. Mimi nimestaafu."

Akafunga viatu vyake bila haraka. Akasema, "Jumatatu naanza wodi ya watoto. Nalihitaji kesho Jumapili jioni." Akaaga watu kwa majina yao, akaenda zake.

Basi nisalimie mama yetu, umwambie mjukuu wake amevishwa mshipi, na umwambie kwa sauti kwa kuwa sikio lake la kulia halisikii. Msalimie shemeji yangu, mume wako, na umshukuru kwa mahindi. Kageha umbusu, umwambie gauni la kuazima lisuuzwe mpaka litoe maji matamu, na akiwa na shaka aonje tena. Mzee Asava, mleta mizigo wetu, mpe chai kwa niaba yangu, tena yenye maziwa. Na mke wa mchungaji umwambie habari za mtihani kama kwa bahati tu, mkiwa mnazungumza mambo mengine.

Gauni la Truphena nililifua jana hiyo hiyo kabla jua halijatua. Nilisuuza mara tisa. Leo nimerudi kutoka kanisani nimelikuta kambani, lina ule unyevu unaofaa. Najua ni siku ya Bwana, lakini watoto wa wodini watakuwa wagonjwa kesho vile vile. Tangu nianze ukurasa huu makaa yamekuwa yakishika ndani ya pasi, na sasa naona yameiva. Naweka kalamu chini, naenda kupiga mpigo wa kwanza.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Jerida, mama yake Nesi Truphena